Mashine ya kwanza ya kuchomelea kwa anayetengeneza gari lake nyumbani

Mtu anayeingia Kariakoo kutafuta mashine yake ya kwanza ya kuchomelea hupokewa na namba. Boksi moja limeandikwa 200, jingine 250, jingine 300, yaani ampea ambazo mashine inadai kutoa, na muuzaji, mara nyingi kwa nia njema kabisa, humwambia, "Bosi, chukua hii ya mia tatu, hutarudi tena dukani." Mnunuzi naye huondoka akiamini kuwa amepata nguvu nyingi kwa bei nafuu. Ninaandika haya kwa sababu naona namba hiyo ndiyo kitu cha mwisho ambacho anayetaka kutengeneza gari lake mwenyewe uani kwake, iwe Tabata, Mbezi au Mbagala, anapaswa kukitazama. Mambo mawili yanayostahili kuamua yanajulikana kabla hajapanda daladala kwenda mjini, nayo ni unene wa chuma anachokusudia kukichomelea na uwezo wa umeme ulioingia nyumbani kwake.

Nianze na chuma. Gari lina vyuma vya unene wa namna nyingi, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua aina ya mashine. Bati la milango, madigadi na boneti katika magari mengi madogo yatokayo Japani lina unene wa milimita 0.7 hadi 0.8 tu, wakati chesesi ya pikapu au ya kirikuu huwa na chuma cha milimita mbili na kuendelea, na mabano tunayojitengenezea wenyewe kwa ajili ya keria, bampa au kitako cha betri hukatwa kwenye vyuma bapa vya milimita tatu hadi nne. Mafundi wengi hutumia kipimo cha makadirio cha ampea 40 kwa kila milimita moja ya unene wa chuma cha kawaida. Kwa kipimo hicho, bati la bodi linahitaji takriban ampea 30, na chuma cha milimita tatu kinahitaji takriban ampea 120. Hakuna sehemu ya gari la kawaida ambayo mtu wa nyumbani anapaswa kuigusa inayohitaji ampea 300, na palipo na bati jembamba, shida huwa ni kupata moto mdogo uliotulia.

Hapa Dar es Salaam kutu ndiyo inayotuletea kazi nyingi. Upepo wa chumvi unaotoka baharini na madimbwi ya masika, ambayo gari hupita ndani yake kuanzia Machi hadi Mei, hushambulia zile sehemu ambazo tope hukaa bila kukauka: kingo za ndani za madigadi, sakafu chini ya mazulia, vizingiti vya milango, na mahali ambapo bodi ya mizigo inakalia chesesi. Kabla ya kununua chochote, ningemshauri mwenye gari alale chini ya gari lake akiwa na tochi na bisibisi, agongegonge na kuandika ni wapi pameoza na pana unene gani. Orodha hiyo itamwambia kama anahitaji mashine ya vijiti, inayoyeyusha vijiti vya chuma vilivyopakwa unga, au mashine ya waya, inayolisha waya kutoka kwenye roli, na ni heri ajue hilo akiwa bado na fedha mfukoni.

Kama orodha imejaa mabano, chesesi, keria, vishikio vya ekzosi, bawaba za bodi ya mizigo na tela, basi mashine ya kwanza ni inverta ya vijiti, yaani mashine ndogo ya kielektroniki, inayotoa umeme wa DC, ule unaotiririka upande mmoja tu. Ni nyepesi, haihitaji mtungi wa gesi, hufanya kazi hata upepo unapovuma uani, na vijiti vyake vinapatikana karibu kila duka la vifaa vya ujenzi. Inayoweza kutoa ampea 140 hadi 160 za kweli inatosha. Kijiti cha aina ya 6013 chenye kipenyo cha milimita 2.5 hufanya kazi kati ya ampea 60 na 90, na cha milimita 3.2 kati ya 90 na 130, kwa hiyo mashine ya namna hiyo inavihudumia vyote viwili na kubakiza akiba kidogo. Kwa chuma chembamba kuna vijiti vya milimita 2.0, na DC inampa mtumiaji nafasi ya kugeuza nyaya ili holda, yaani kishikio cha kijiti, iwe upande wa hasi, jambo linalopunguza joto linalozama ndani ya chuma. Hata hivyo sitamdanganya mtu kwamba inverta ya vijiti inafaa kwa bati la mlango. Fundi mzoefu ataweza kwa nukta moja moja akisubiri bati lipoe, lakini anayeanza atatoboa tundu, kisha atatoboa jingine akijaribu kuziba lile la kwanza.

Sasa turudi kwenye namba ya boksi, maana hapo ndipo fedha za watu zinapopotea. Mashine iliyotengenezwa kwa kufuata taratibu huwa na kibao cha takwimu ubavuni au nyuma, na kibao hicho ndicho cha kusoma. I2 ni mkondo unaotoka, U2 ni volti zake, X ni asilimia ya muda wa kazi, U1 ni volti za ukutani, na I1max ni mkondo mkubwa kabisa ambao mashine huuvuta kutoka ukutani. Kwa mashine za vijiti, volti za kupimia hupatikana kwa kuzidisha ampea kwa 0.04 na kuongeza 20. Kwa ampea 300, hizo ni volti 32, na 32 mara 300 ni wati 9,600. Ukigawanya wati hizo kwa volti 230 za umeme wetu unapata karibu ampea 42, kabla hujahesabu kinachopotea kama joto ndani ya mashine. Ukikuta basi kibao kinachodai kutoa ampea 300 huku kikisema mashine inavuta ampea 20 tu ukutani, kibao hicho kinajipinga chenyewe. Mashine inayosema ampea 160 na kuonyesha kwamba huvuta ampea 30 au karibu na hapo inaaminika zaidi, ingawa dukani itaonekana dhaifu pembeni ya jirani yake mwenye namba kubwa.

Herufi X inastahili uangalifu wa pekee. Hupimwa katika kipindi cha dakika 10, kwa hiyo X ya asilimia 60 kwenye ampea 120 ina maana kwamba unaweza kuchomelea kwa dakika sita ndani ya dakika 10 na kuiacha ipumue dakika nne. Kipimo cha kimataifa huchukulia joto la hewa kuwa nyuzi 40 za Selsiasi. Mashine iliyopimwa kwenye nyuzi 20 itaonyesha asilimia ya kupendeza zaidi ambayo haitaiona chini ya paa la bati mwezi Februari. Kwa kazi za nyumbani, ambako muda mwingi huishia kwenye kukata, kusaga kwa grinda na kupanga vipande, asilimia 30 au 40 kwenye mkondo unaoutumia haikwamishi kazi. Kibao kisichoonyesha asilimia yoyote ndicho kinachonitia shaka.

Jambo la pili ni umeme wa nyumbani, na hapa naomba msomaji asinipite haraka. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Chukua kijiti cha milimita 2.5 kwenye ampea 80: volti ni 23.2, nguvu kwenye moto ni wati 1,856, na ukijumlisha upotevu wa ndani mashine huvuta karibu wati 2,200, yaani chini kidogo ya ampea 10. Lakini inverta nyingi za bei nafuu huvuta umeme kwa mikupuo, hivyo mkondo unaopita kwenye waya huwa mkubwa kuliko hesabu hiyo, na kwa ampea 80 unaweza kufika 13 au 14. Kwa maneno mengine, kijiti cha 2.5 ndicho mpaka wa soketi ya kawaida. Anayekusudia kutumia cha 3.2 kwenye ampea 120 atavuta zaidi ya ampea 20, na hapo plagi itayeyuka, soketi itaungua, au waya uliofichwa ukutani utapata joto pasipo mtu kuona, na hilo la mwisho ndilo la hatari kuliko yote.

Tiba yake ni laini ya peke yake kutoka kwenye ubao wa umeme, yenye breka yake, waya wa milimita za mraba 4 au 6 kulingana na umbali, na soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 32. Kazi hiyo ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, ambaye pia atapima kama waya wa ardhini wa nyumba yako unafanya kazi kweli. Nyumba nyingi zina pini ya tatu kwenye soketi lakini upande wa pili wa waya hauendi popote. Gharama ya laini hiyo ihesabiwe kama sehemu ya bei ya mashine. Ukihitaji waya wa kuongezea urefu, usichukue ule mwembamba wa kuchajia simu sebuleni. Uwe wa milimita za mraba 2.5 au zaidi, na ukunjuliwe wote unapoutumia, kwa sababu uliojiviringisha hujipasha joto wenyewe. Waliopanga wazungumze na mwenye nyumba kwanza.

Kuhusu LUKU, hofu ni kubwa kuliko uhalisia. Saa nzima ya moto usiokatika kwenye ampea 80 hula yuniti mbili na kidogo, na alasiri nzima ya kazi ya nyumbani haifikishi saa nzima ya moto. Aliye kwenye kundi la wateja wa matumizi madogo, D1, lenye ukomo wa wastani wa yuniti 75 kwa mwezi, ndiye mwenye sababu ya kuhesabu.

Zipo pia mashine za transfoma zinazosukwa na mafundi wetu wenyewe hapa mjini, na ninaziheshimu sana. Ni nzito, hazina saketi za kielektroniki za kuungua, na zikiharibika fundi huzisuka upya kwa waya wa shaba na maisha yanaendelea. Mageti na madirisha mengi ya jiji hili yamechomelewa nazo. Kwa karakana yenye kazi kila siku na umeme wa kutosha, ni chaguo zuri. Kwa nyumba ya umeme wa fezi moja zina mzigo mkubwa: huvuta mkondo mwingi zinapoanza, taa za nyumba nzima hufifia, hutoa AC, yaani umeme unaobadili mwelekeo kila mara, ambayo ni ngumu zaidi kwa anayejifunza kutuliza moto, na nyingi hazina namna ya kushusha mkondo taratibu hadi kufikia bati jembamba. Inverta ina udhaifu wake pia. Feni yake hunyonya vumbi la chuma linalotoka kwenye grinda, vumbi hilo hukaa juu ya saketi, na hewa yetu ya unyevu na chumvi humalizia kazi. Iweke mbali na mahali unaposagia, ipulize kwa hewa kavu mara kwa mara ikiwa imechomolewa, na usiitumie mvuani, kwani alama ya IP21 iliyoandikwa kwenye nyingi kati yake inahusu matone yanayodondoka wima tu.

Kama orodha yako, kinyume na ile ya kwanza, imejaa bati la bodi, basi usinunue ya vijiti kwa sababu ya unafuu wake. Weka akiba hadi upate mashine ndogo ya waya, ile ambayo mafundi bodi huiita ya CO2 au MIG. Waya wa milimita 0.6 au 0.8 unaolishwa na mashine yenyewe, pamoja na gesi ya kukinga, huwezesha kushika bati kwa nukta ndogo ndogo zilizoachiana nafasi, ukiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine ili bati lisijikunje. Gharama kubwa iko kwenye mtungi, regyuleta na kujaza gesi, wala siyo kwenye mashine peke yake, na anayenunua mashine bila kuuliza habari za mtungi atajikuta na sanduku lisilofanya kazi. CO2 tupu ni nafuu, huzama zaidi na kurusha cheche nyingi. Ikichanganywa na gesi ya agoni, moto hutulia, ila bei hupanda. Vilevile upepo ukivuma uani huipeperusha gesi na weldi hujaa vitundu, kwa hiyo utahitaji kizuizi cha upepo.

Kuna njia ya kati ambayo naipenda kwa mtu mwenye subira: mashine ya waya inayokubali pia waya wenye unga ndani, ambao hauhitaji gesi. Unaanza na waya huo kwenye chesesi na sakafu, kisha mtungi unafuata fedha zikipatikana. Hakikisha tu kwamba mashine ina sehemu ya kugeuza nyaya, kwa kuwa waya wa unga kwa kawaida hutaka bunduki inayotoa waya iwe upande wa hasi na waya wa gesi hutaka iwe upande wa chanya, na hakikisha pia kwamba ina tundu la kuunganishia gesi, maana za bei ya chini kabisa hazina.

TIG, yaani kuchomelea kwa ncha ya tangsteni isiyoyeyuka, niiache. Ni nzuri na ni safi, lakini inataka agoni, na kwa alumini inataka AC pia, jambo linaloiondoa kwenye bajeti ya mashine ya kwanza.

Nikizungumzia bajeti, kanuni yangu ni kwamba mashine isile zaidi ya nusu ya fedha zote. Nusu nyingine inunue helmeti yenye kioo kinachojitia giza chenyewe, glavu za ngozi zilizo kavu, grinda, brashi ya waya, nyundo ya kuvunjia ganda, klampu kadhaa na kizima moto. Miwani ya jua ambayo baadhi ya vijana huchomelea nayo mitaani haitoshi hata kidogo. Mwanga wa weldi una miale ya urujuanimno inayounguza jicho bila maumivu ya papo hapo, kisha usiku macho huwasha kana kwamba yamemwagiwa mchanga, na miwani hiyo haitoi giza la namba 10 au 11 ambalo kazi hii inalitaka. Watoto na majirani wanaotazama nao wawekewe pazia zito lisiloshika moto.

Vijiti vinunuliwe vichache na vihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko unaobana. Unyevu wa Dar es Salaam huingia kwenye unga unaokizunguka kijiti, na hapo moto huyumba na weldi hutoka na vitundu. 6013 huvumilia kiasi, lakini kijiti cha aina ya 7018 hutaka kukaa katika joto na ukavu wa kudumu, na kwa sababu hiyo siipendekezi kwa anayeanza, hata kama mtu dukani atamwambia ina nguvu zaidi, jambo ambalo ni kweli.

Kwenye gari lenyewe, kabla ya moto wowote, ondoa waya wa hasi wa betri, na klampu ya ardhini ishike kwenye chuma kilichosafishwa karibu kabisa na unapochomelea, ili mkondo usipitie kwenye beringi wala kwenye nyaya za kompyuta ya gari. Toa mazulia na sponji upande wa pili wa bati. Bomba la mafuta likipita karibu, liondolewe. Tangi la petroli lisichomelewe nyumbani hata likiwa limekaa tupu kwa miezi, kwa kuwa mvuke uliobaki ndio unaolipuka, na shokomzoba isipashwe moto kamwe. Bati lenye zinki lisagwe kwanza hadi chuma kionekane, kwani moshi wake huleta homa. Kisafishio cha breki chenye klorini kisitumike kusafishia sehemu ya kuchomelea, kwa sababu kikikutana na mwanga wa weldi hutoa gesi ya sumu. Mikono ya sespensheni, sehemu za usukani na nguzo za mwili wa gari zilizotengenezwa kwa chuma kigumu maalumu si kazi ya mashine ya kwanza wala ya mwenye mashine hiyo.

Siku ya kununua, nenda na kipande cha chuma cha milimita tatu na vijiti vyako mwenyewe, na omba uchomelee kijiti kizima cha 2.5 pale pale kabla ya kulipa. Sikiliza kama sauti inabaki ile ile toka mwanzo hadi mwisho, na ushike nyaya za holda na klampu baadaye. Zikiwa zimepata moto kwa kijiti kimoja, ni nyembamba mno. Mwenye rafiki aliye na mita ya klampu inayopima DC amwombe waende pamoja, kwani kipimo cha dakika moja kitasema ukweli wa namba ya boksi. Uliza nani hutengeneza mashine hiyo hapa mjini na kama vipuri vya saketi vinapatikana, kisha chukua risiti yenye masharti ya garantii yaliyoandikwa.

Wanaotaka kufundishwa ana kwa ana wanaweza kuulizia kozi za muda mfupi VETA Chang'ombe. Kwa atakayejifunza nyumbani, vipande vya mabaki vya milimita tatu kutoka kwa wauza vyuma chakavu vinatosha kwa wiki za mwanzo. Unganisha viwili kwa weldi upande mmoja, bana kimoja kwenye jiliwa, kisha kipige kingine kwa nyundo hadi kikunjike. Weldi ikiachia ukaona mstari safi wa chuma ambacho hakikuyeyuka, ongeza ampea kidogo, punguza mwendo wa mkono, na urudie kwenye kipande kingine, huku gari likiendelea kusubiri.